Meza ya fundi kwa mbao za paleti, itahimili randa?

mwanagenzi_mbagala
Wakuu habari za jioni. Kuna duka la vigae huku wananigawia paleti (zile fremu za mbao za kubebea mizigo) bure, nataka nipige meza ya kazi maana hii niliyonayo nikisukuma randa inatembea na mimi. Shida mbao zake nyembamba na nikizing'oa zinapasuka kwenye msumari. Miguu nitaipata wapi humo?

kisu_cha_randa
Kwanza angalia muhuri ubavuni. Ukiona HT hiyo imepashwa joto, kiwango ni nyuzi 56 hadi ndani ya mbao kwa dakika 30, haina neno. Ukiona MB achana nayo, imefukiziwa methili bromaidi, ile ni sumu, na yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa pia acha. Halafu usizing'oe kwa nyundo, ile misumari ina mistari kama skrubu, haitoki hata ulie, penyeza bapa la msumeno wa chuma katikati ya ubao na mbao nene ukate msumari wenyewe, kichwa kinabaki kwenye ubao unakisukuma kwa nyuma kinatoka. Kabla ya randa pitisha sumaku kila ubao, kipande kimoja tu cha msumari kinakumalizia kisu

Mzee wa Keko
Hapo kwenye miguu mimi siafiki paleti kabisa, nunua mbao ya paini ya inchi 2 kwa 4 upate amani, za paleti weka juu

boma_la_mbao
@Mzee wa Keko si lazima mzee, gundisha mbao tatu pamoja, uso kwa uso, zirandwe kwanza, ubane na klampu mpaka gundi ikauke, mguu unatoka mnene wa kutosha. Na meza haichezi kwa sababu ya unene, inacheza kwa viungo. Misumari inalegea, funga boliti na washa (ile pete ya chuma) ili ikilegea unakaza tu. Randa inasukuma kwa urefu, kwa hiyo weka mbao ndefu chini inayounga miguu ya kushoto na ya kulia, na ubao wa mshazari upande wa nyuma. Juu usilaze mbao, zisimamishe kwa ubavu uzigundishe, kazi ndefu lakini unaweza kugonga patasi hapo mpaka mchoke wote wawili

mkamba_nrb
Boss huku Nairobi paleti ni za kununua, shukuru Mungu. Kimo: simama wima mikono chini, meza ifike kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, ya randa ishuke kidogo. Chini weka shelfu upakie mawe au mchanga kwenye magunia, uzito ndio unaizuia kutembea

mwanagenzi_mbagala
Nimewapata. Jiliwa (kile kibanio cha chuma cha mezani) sina hela yake saa hizi, nabanaje kazi? Na mchwa huku ni balaa

Mzee wa Keko
Toboa matundu juu ya meza, chomeka vijiti viwili vya mti mgumu, kazi ikae katikati uikaze kwa kabari. Tumefanya hivyo miaka. Mchwa paka oili chafu miguuni, ila juu usiguse, itachafua makabati ya watu na varnishi haitashika

boma_la_mbao
Na miguu iweke juu ya tofali, isiguse udongo. Hiyo 2 kwa 4 bado nasema sio lazima 😂