Daraja la tatu, pointi 23: kidato cha tano (CBG) au Stashahada ya Utabibu?

Mzazi wa Kibaha
Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Kijana wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana na kupata daraja la tatu, pointi 23. Amechaguliwa kujiunga na kidato cha tano, tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), katika shule ya bweni ya serikali iliyo mbali na nyumbani. Wakati huohuo amepokelewa katika chuo binafsi cha afya kusomea Stashahada ya Utabibu kwa miaka mitatu, ada ikiwa shilingi milioni 1 na laki 8 kwa mwaka. Shule inataka aripoti baada ya siku tisa, na chuo nacho kinataka nusu ya ada kabla ya mwisho wa mwezi. Lengo letu ni afike chuo kikuu. Naomba mnisaidie kulinganisha njia hizi mbili.

Mwalimu Mstaafu
Hongera kwa kijana, ndugu mzazi. Hata hivyo, umetupa jumla bila mchanganuo. Pointi 23 ni za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo somo aliloangukia linaweza kuwa limejificha nje ya hesabu hiyo. Tuwekee alama ya kila somo, hasa Fizikia na Hisabati, kisha utuambie anataka kufika chuo kikuu kusomea nini.

Mjukuu wa Chifu
Mimi sihitaji mchanganuo. Aende kidato cha tano. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali iliondolewa tangu mwaka wa masomo 2022/23, na baada ya miaka miwili atakuwa analingana na mwenzake yeyote mlangoni mwa chuo kikuu. Kuna haja gani ya kulipa zaidi ya milioni 5 kwa njia ndefu kuliko hiyo?

Dada wa Zamu
Ndugu Mjukuu wa Chifu, atalingana nao endapo atafaulu. Mwanafunzi aliyepata C za kubahatisha kidato cha nne atakutana na Kemia ya kidato cha sita, ambayo haina huruma na mtu. Akianguka huko, atarudi nyumbani na vyeti viwili visivyompa ajira, ilhali mwenye stashahada hata asipofika chuo kikuu ana taaluma mkononi.

Mwalimu Mstaafu
Nyote mnazungumzia kufaulu kana kwamba ni kitu kimoja, nami nimeona wazazi wengi wakiumia kwa kutoelewa jambo hili. Katika kidato cha sita, mwanafunzi mwenye D, D na F ana pointi 15 (4, 4 na 7), na mwenye E tatu naye ana pointi 15 (5 mara tatu). Wote wawili ni daraja la tatu. Sasa wapeleke chuo kikuu. Kigezo cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, na huko hesabu hugeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Yule mwenye D mbili na F moja anafikisha 4.0 na anaweza kuomba shahada, mradi masomo hayo mawili yawe ndiyo yanayotakiwa na kozi husika. Yule mwenye E tatu, ambaye hakuanguka somo hata moja, anaishia 2.0 katika masomo mawili na anabaki nje. Kwa kawaida mlango unaombakia ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako nako lazima apate GPA (wastani wa alama) ya 3.0, au aanze stashahada akiwa amechelewa miaka miwili.

Mjukuu wa Chifu
Mwalimu, mfano huo unanipa nguvu mimi. D mbili katika miaka miwili si mlima.

Mwalimu Mstaafu
Nilifundisha Kemia miaka mingi, kijana wangu. Ni mlima.

Mpangaji wa Sinza
Kabla hamjaendelea kukisifia chuo, naomba nieleze yaliyonipata. Mimi nilikuwa na daraja la nne, pointi 26, nikajiunga na chuo kimoja binafsi ambacho sitakitaja, kusomea Stashahada ya Maabara. Majengo yalikuwa mazuri, makoti meupe tulipewa siku ya kwanza, na kila mtu alituita madaktari, jambo lililonifurahisha mno wakati huo. Mwaka wa kwanza ulipokwisha tuliambiwa matokeo yamechelewa. Muhula uliofuata tukaambiwa hivyohivyo. Mwenzetu mmoja mwenye udadisi alikwenda kuuliza kwenye mamlaka inayosimamia vyuo hivyo, akaambiwa kwamba chuo kimesajiliwa lakini kozi yetu haikuwa na ithibati, na majina yetu hayakuwamo katika mfumo. Baba alikuwa ameuza ng'ombe watatu. Ada haikurudishwa, na nilipohamia chuo kingine nilianza upya mwaka wa kwanza, kwa sababu yale niliyosoma hayakutambuliwa popote. Kwa hiyo, ndugu mzazi, usajili wa chuo ni jambo moja na ithibati ya kozi ni jambo jingine. Uliza yote mawili NACTVET, ndiyo mamlaka yenyewe inayosimamia vyuo hivyo, wala usiulize pale chuoni peke yake.

Dada wa Zamu
Pole sana. Lakini hilo ni kosa la chuo kimoja, si kosa la njia yenyewe.

Mzazi wa Kibaha
Nashukuru kwa michango. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Alama zake ni hizi: Biolojia C, Kemia C, Jiografia C, Kiingereza C, Kiswahili C, Historia D, Uraia D, Fizikia D. Hisabati alipata F. Yeye mwenyewe anasema anataka kuwa daktari.

Tabibu wa Mpakani
Ndiyo maana mwalimu aliuliza. Kama lengo ni udaktari, CBG inamfungia mlango huo kwa sababu haina Fizikia. Shahada hiyo inadai Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na kima cha chini cha D katika kila somo hupandishwa sana na ushindani. CBG itamfikisha kwenye kilimo, misitu au mazingira, kozi ambazo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wanazo, na si kozi za kudharauliwa. Stashahada ya Utabibu atapokelewa, maana wanatazama Kemia, Biolojia na Fizikia. Tatizo litamngoja mbele. Mwenye stashahada anayeomba shahada ya udaktari hudaiwa GPA ya 3.0, na juu yake ufaulu wa kidato cha nne ukiwamo wa Hisabati. Mimi nilikuwa na GPA ya 3.8 na F ileile ya kijana wako. Nilirudia Hisabati nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, nina miaka 31, msimamizi akidhani nimemleta mwanangu.

Mjukuu wa Chifu
Basi stashahada ina gharama na bado ina F. Na mkopo hapati.

Dada wa Zamu
Mikopo ya stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kwa fani za kipaumbele, zikiwamo za afya, ingawa si kila kozi ya afya imo. Asome orodha ya mwaka wake.

Mjukuu wa Chifu
Akatwe asilimia 15 ya mshahara wa tabibu hadi azeeke?

Dada wa Zamu
Mwenye shahada hakatwi?

Mwalimu Mstaafu
Naomba turudi kwa kijana. Njia yoyote atakayoshika, Hisabati airudie mapema, kwa kuwa hata huko CBG atakutana na Hisabati ya ziada, na F ya kidato cha nne ni msingi mbovu wa kuianzia. Ndugu mzazi, umeuliza kuhusu ithibati ya ile kozi?

Mzazi wa Kibaha
Nimepiga simu chuoni leo asubuhi. Wamesema cheti cha ithibati kipo ofisini kwa mkuu wa chuo, ila mkuu amesafiri.

Mpangaji wa Sinza
Nasi tuliambiwa amesafiri. Nenda NACTVET kesho.