Injini ya Subaru ya mbio imenoki: nijenge hii hii au nitie ya mtumba?

Kona Kali (mwanzisha uzi)
Wakuu habarini. Usingizi umekata, leo siku ya nne. Nina Subaru Impreza, injini EJ20 yenye turbo, nashindana nayo mbio za vumbi za wikiendi huku Iringa. Silipwi na mtu, ni mapenzi tu. Siku za kazi niko dukani nauza pembejeo. Jumapili, mzunguko wa mwisho, injini ikaanza kugonga kwa chini, ko-ko-ko, nikazima papo hapo. Tumeivuta hadi gereji. Fundi amefungua: beringi ya konrodi (mkono wa pistoni) ya silinda ya tatu imezunguka, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) imechubuka.

Nisage krenki nivishe beringi za ovasaizi, au ninunue injini ya mtumba Dar? Wanataka milioni 5. Na kwa kuwa iko chini tayari, nilifikiria niiongezee nguvu kidogo. Mbio zijazo zimebaki wiki sita. Naombeni ushauri wa kweli, hii gari ndiyo roho yangu.

Mama Pendo
Pole mwanangu. Milioni 5 ni trei ngapi za mayai? Mimi kwa hela hiyo nilianza na vifaranga 300 na leo nasomesha wawili. Mkeo anajua?

Spana 14
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Nijibu: beringi imekufa kwa nini? EJ20 imelala, silinda mbili huku, mbili kule, na sampu yake, lile bakuli la oili chini ya injini, ina kina kifupi. Imetengenezwa kwa barabara na huko haina shida. Ila ukikata kona ndefu kwa kasi oili yote inakimbilia upande mmoja, bomba la kunyonyea linabaki linavuta hewa. Sekunde mbili zinatosha kukata utando wa oili, chuma kikasugua chuma. Taa ya oili iliwaka? Na shingo ya krenki, pale beringi inapokaa, ina rangi gani?

Mpanda Kitonga
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa napandisha mlima Kitonga na tani 28 za mbolea, utingo wangu ananiambia mzee kuna harufu. Nikamwambia nyamaza, tukisimama hapa tutarudi kinyumenyume. Tulifika juu, kweli. Lakini injini ilishushwa Ilula na mimi nikala ugali wa mama ntilie siku kumi na moja nasubiri spea. Tangu hapo utingo akisema harufu, naegesha.

Kona Kali
Mama Pendo, shikamoo. Mke anajua nina gari ya mbio, hesabu za ndani tutaongea wenyewe.
Spana 14, shingo ya tatu ina rangi ya bluu bluu, zile nyingine ziko safi. Taa sikuiangalia. Dereva wa mbio haangalii dashibodi, anaangalia kona.
Niseme pia, turbo kubwa nimeshaitolea advansi milioni moja na nusu na hairudi. Kwa hiyo hapo naomba tusibishane, tujadili injini tu.

Mwana Kirinyaga
Boss, salamu kutoka Nairobi. Hiyo turbo hatuwezi kuiruka. Injini imekufa kwa kiu ya oili, wewe unataka kuiongezea kazi? Ukipandisha presha ya turbo bila kupanga upya mafuta na moto, kwa petroli hii ya pampu, pistoni itapasuka kwenye mifereji ya ringi kabla beringi hazijafa tena. Iuze hiyo turbo hata kwa hasara.

Mzee wa Safari
Vijana, nguvu siyo inayomaliza mbio. Mbio za magari za Safari Rally zilianza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na babangu alitubeba tukae kando ya barabara kuzitazama. Joginder Singh aliyeshinda 1965 kwa Volvo PV544 alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza na kigari cha Subaru Vivio, cc 660 tu, akaongoza daraja lake, na Colin McRae mwenye Vivio kama hiyo hiyo hakumaliza. Njiru aliijua gari yake inapolia. Mwanangu, ya kwako ililia. Ulisikia nini kabla ya ko-ko-ko?

Hakiki
Samahanini, mimi naona hapa tunalishwa hadithi. Someni tena. Mwanzo anasema ilipogonga alizima papo hapo. Sasa anasema shingo ni ya bluu. Chuma hakiwi bluu mpaka kifike kama nyuzi 300, na hakifiki huko ndani ya sekunde mbili za mtu anayezima papo hapo. Na dereva gani amalize msimu hajui taa ya oili iko upande gani? Picha hakuna. Mwezi uliopita mtu alitulilia humu kuhusu lori lililopinduka, tukamchangia, kumbe lori halipo. Sitoi ushauri kwa gari la kufikirika.

Mpanda Kitonga
Mimi nilichangia lile lori. Kona Kali, weka picha.

Mama Pendo
Msimvunje moyo. Asiye na gari hawezi kujua habari za advansi isiyorudi. Lakini baba, kama kuna jambo liseme, hapa hakuna anayekujua sura.

Kona Kali
Gari ipo. Simu yangu haipakii picha humu, nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu.
Fundi alikata filta ya oili kwa msumeno, akaikunjua ile karatasi yake juu ya gazeti. Ilikuwa inametameta kama vumbi la dhahabu. Nilipitisha kidole, chembe zikabaki kwenye mistari ya ngozi, nimenawa kwa sabuni ya unga mara mbili na bado ziko kwenye kucha.
Haya. Taa iliwaka tangu mazoezi ya Jumamosi, kwenye ile kona ndefu ya kushoto. Inawaka, ukinyoosha inazima. Kila mtu niliyemuuliza alisema swichi za oili zinadanganya, gari ikitikisika lazima ziwake. Jumapili asubuhi ikawa inanichanganya, nikaibandika selotepu nyeusi. Na sikuzima papo hapo. Ilipoanza kugonga zilibaki kama kilomita mbili, nilikuwa nafasi ya pili, nikaendelea. Ningesimamaje? Miaka mitatu nakimbia sijawahi kupanda jukwaani.

Spana 14
Asante kwa kusema, sasa tunaweza kufanya kazi. Shingo ikishakuwa bluu ugumu wake wa juu umeondoka, kwa hiyo kuisaga ni kutupa hela. Tafuta krenki nyingine au injini ya mtumba. Ila ukiitia hiyo ya mtumba kwenye sampu hii hii, itafia kona ile ile ya kushoto.
Kabla haijafungwa ishushe sampu, angalia bomba la kunyonyea kama lina ufa, chomelea vizuizi vyenye vilango ili oili isikimbie. Taimingi belti mpya hata kama muuzaji anaapa. Kipoza oili cha zamani usikirudishe. Chembe ulizoziona kwenye filta zimo humo pia, hazioshwi zikaisha, na ndani ya saa moja zitakuwa kwenye beringi mpya. Mabomba ya turbo yaoshe au yabadilishe. Halafu weka geji ya presha ya oili mahali navigeta, anayekusomea kona, anaiona, na taa kubwa nyekundu mbele ya macho yako. Hela ya turbo ingetosha yote haya.

Kona Kali
Nakusikia mkuu. Ila turbo ninayo mkononi kesho kutwa. Naweza kuifunga na kukimbia taratibu.

Mwana Kirinyaga
Kukimbia taratibu na turbo kubwa? Boss, hakuna aliyeweza.

Navigeta Mdogo (mwanachama mpya)
Nimejiunga sasa hivi kwa ajili ya uzi huu. Hakiki, gari ipo, mimi nakaa kiti cha kushoto. Huyu ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja.
Kaka, ile selotepu uliniambia ni ya kuzuia mwanga usikuchome macho. Mimi ndiye niliyekukatia kipande kwa meno. Siku nne hizi najilaumu kwamba nilikusomea kona vibaya, ukaingia na gia siyo. Nimekosa usingizi kama wewe.
Na nusu ya gari hii ni hela yangu ya korosho. Habari ya turbo naisoma hapa na watu wote.

Mzee wa Safari
Basi sote tukae kimya, waongee.

Kona Kali
Mdogo wangu, kona ulisoma sawa. Zote. Niko gereji, njoo na ile daftari yako. Turbo nampigia mwenye duka sasa hivi nimwambie aiuze, atakachonirudishia tununue geji.