Mjadala: Eneobunge la jimbo huko Marekani lihesabu watu wote au wapiga kura peke yao?

Mleta mada (Houston)
Wakuu habari za jioni. Kwenye grupu letu la Houston watu wametoana jasho toka juzi, jamaa mmoja kasema sisi tusio raia tunapunja raia uwakilishi hata bila kugusa karatasi ya kura, mwingine akamjibu vibaya, admin akafunga mjadala. Naleta hapa tuzungumze kistaarabu.

Kwa asiyejua, kila jimbo la Marekani lina bunge lake. La hapa Texas liko Austin, wawakilishi 150 na maseneta 31, kikao cha kawaida ni siku 140 tu kila baada ya miaka miwili na mshahara ni dola 7,200 kwa mwaka (ndiyo, kwa mwaka, ukiacha posho). Hao ndio wanaamua hela za shule, leseni za udereva, hospitali, magereza, yaani maisha yako ya kila siku yako Austin kuliko Washington. Kila baada ya sensa ramani ya maeneobunge inachorwa upya ili yawe na watu karibu sawasawa, na sensa ya 2020 ilikuta Texas watu 29,145,505, ukigawanya mwakilishi mmoja anabeba kama 194,000 na seneta kama 940,000. Seneta wa Austin ana watu wengi kuliko mbunge wa Congress (bunge la taifa kule Washington), maana hao wa Congress Texas inao 38!

Sasa ugomvi ni hapo kwenye "watu". Kwa sasa anahesabiwa kila anayeishi hapo, mtoto mchanga, mwenye grinikadi, asiye na makaratasi, hadi mfungwa. Wapiga kura wawili wa Texas, wa maeneo ya nje ya miji mikubwa, walienda mahakamani wakasema kura yao inapunguzwa uzito, hesabu ingekuwa ya wanaostahili kupiga kura tu. Ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ndiyo kesi ya Evenwel, ikaamuliwa 2016. Majaji 8 kwa 0 wakasema Texas haikukosea kuhesabu watu wote.

Msimamo wangu: tuhesabiwe wote tunapoishi. Nina shida na wafungwa tu, nitaeleza. Karibuni.

Mdau wa Dallas
Mkuu heshima yako lakini umeruka sehemu tamu. Kwenye kesi hiyo hiyo, ukipima kwa idadi ya watu maeneo ya maseneta yalipishana kama asilimia 8, ukipima kwa wanaostahili kupiga kura yalipishana zaidi ya 40. Arobaini! Chukua maeneo mawili ya watu 190,000 kila moja, hili lina wapiga kura 130,000 lile lina 80,000, wote wanapeleka mtu mmoja Austin mwenye kura moja bungeni, niambie wa hapa kwenye 130,000 kura yake ina nguvu gani mbele ya mwenzake? Mimi nimesubiri uraia miaka, nimekariri yale maswali 100, nimeapa mkono juu. Halafu kura yangu iwe nyepesi siku nikihamia mtaa wenye raia wengi?

Na msije kusema mahakama imemaliza kazi. Haijamaliza. Ilisema Texas INARUHUSIWA kuhesabu wote, haikusema inalazimika, swali la kuhesabu wapiga kura peke yao iliacha wazi kabisa. Hawaii nako 1966 waliruhusiwa kutumia daftari la waliojiandikisha kwa sababu kulikuwa na wanajeshi wengi wa kupita. Kwa hiyo si wazo la kichaa.

Mama wa Abilene
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi niko Abilene, Texas hii hii ya magharibi, tulitoka Congo tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi ndo tukaletwa huku. Mkimbizi anasubiri miaka mitano ndo aombe uraia, mimi bado. Lakini watoto wanne wako shule, wawili wamezaliwa hapahapa ni raia kuliko hata wewe kaka wa Dallas hahaha.

Nilipoanza kutafuta leseni, ofisi moja ikanirudisha mara ile karatasi ya ukimbizi haitoshi mara lete nyingine, na bila gari Abilene huendi kazini, mabasi ya kubahatisha. Dada wa kanisani akanambia piga simu ofisi ya mwakilishi wa bunge la jimbo. Nikapiga na Kiingereza changu cha kuungaunga, binti aliyepokea akaniuliza jina, zipukodi (namba ya posta ya mtaa), na ofisi gani imekurudisha. Basi. Hakuniuliza kama mimi ni mpiga kura, na wiki haikuisha nikaitwa. Sasa kaka wa Dallas, huyo mwakilishi alifanya kazi yangu au hakufanya? Kama kazi zetu anazifanya, na mtaa wetu ukihesabiwa nusu atapewa mitaa mingine mingi juu yake, simu ile ile moja inapokelewa na binti yule yule mmoja. Nyie mnasema uzito wa kura, mi nasema uzito wa mzigo.

Mdau wa Dallas
Mama heshima yako, nafurahi ulipata leseni. Ila kusaidia mtu kwa simu si sawa na kumwakilisha. Hata ubalozi unakusaidia.

Mleta mada (Houston)
Kaka, ubalozi haukutozi kodi. Hapa Houston ukinunua tairi, simu, viatu vya mtoto unalipa asilimia 8.25 juu, keshia haombi pasipoti. Kodi ya nyumba iko ndani ya rent yako. Sehemu kubwa ya hiyo 8.25 Austin ndo wanagawa.

Halafu tusisahau wasiopiga kura si wageni tu. Watoto chini ya miaka 18 ni kama robo ya watu wa Texas. Ukisema wapiga kura peke yao, umefuta robo ya jimbo kwenye ramani, wengi wao raia wa kuzaliwa, na unaziadhibu sehemu zenye familia changa ukizipa nguvu sehemu za wastaafu. Bajeti ya shule inapigiwa kura na bunge hilo hilo. Na tunajua bunge likiona watoto fulani hawana mtu linafanyaje: 1975 Texas ilipitisha sheria ya kuruhusu shule ziwakatae watoto wasio na makaratasi, shule za mji wa Tyler zikadai dola 1,000 kwa mtoto kwa mwaka, mpaka Mahakama ya Juu ilipoivunja 1982.

Historia nyingine, kabla ya 1964 Alabama seneta mmoja alikuwa wa Lowndes, watu kama 15,000, na seneta mmoja wa Jefferson yenye Birmingham, watu zaidi ya 600,000. Jaji Earl Warren wa Mahakama ya Juu ndo akaandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, si miti wala ekari. Kaandika watu.

Msomaji wa Lamu
Nawasoma nacheka peke yangu. Sisi Kenya katiba ya 2010 inasema wazi ni wakaazi, si wapiga kura, halafu ikaruhusu kupishana asilimia 30, na 40 kwa miji na sehemu zenye watu wachache. Lakini angalieni sensa ya 2019: Lamu Mashariki watu kama 22,000, mbunge mmoja. Ruiru zaidi ya 370,000, mbunge mmoja. Hiyo 40 imepitwa mbali. Wakati wa kuchora mipaka 2012 katiba ilikataza eneobunge lililokuwepo lisipotee, ndo tukapona.

Watu wa bara wanatupigia kelele kila siku. Nami nawaambia njoo ukae Kiunga, upande boti mpaka Faza, kusi ikivuma ukwame hapo hapo, halafu uniambie mbunge wetu aongezewe nusu ya kaunti nyingine. Kwa hiyo mimi hata huo usawa wenu wa watu siuabudu. Umbali nao una haki yake.

Mdau wa Dallas
Unaona sasa? Lamu hataki watu wala wapiga kura, anataka bahari ihesabiwe 😂 Warren angelia.

Msomaji wa Lamu
Bahari haina seneta bado, tunafanya mpango.

Mpita njia
Mnajichosha. Texas ramani inachorwa na bunge lenyewe, yaani mwenye kiti anachagua atakayemchagua, na wakishindwa kuelewana kwenye maeneo yao wenyewe linakaa jopo la vigogo watano wa jimbo wakiwemo spika na gavana msaidizi. Hesabu wote, hesabu raia, hesabu mbuzi, mwenye kalamu ndiye anayeshinda. Anzieni hapo.

Mleta mada (Houston)
Mpita njia una hoja, na ndo maana hesabu ina maana. Mwenye kalamu anajua kabisa nani anapungua. Kulikuwa na mtaalamu wa kuchora ramani wa Republican, Thomas Hofeller, alifariki 2018, binti yake akatoa mafaili yake. Mle kukakutwa utafiti wa 2015 alioupima kwenye maeneobunge ya Texas hii hii, kaandika mwenyewe kwamba ukihesabu raia wenye umri wa kupiga kura tu, wanaofaidika ni Republican na Wazungu wasio Walatino. Mwaka huo huo wa 2018 serikali ilitangaza kuweka swali la uraia kwenye sensa ya 2020, Mahakama ya Juu ikazuia 2019. Kwa hiyo kaka wa Dallas, hoja yako ya uzito wa kura naielewa kabisa, lakini waliolisukuma hili walikuwa na rula mkononi, na wewe na kiapo chako, Mswahili wa Vickery Meadow uliyezungukwa na majirani wenye grinikadi, mtaa wako ndo ungepungua kwanza.

Mdau wa Dallas
Hilo la mtaa wangu sikatai, kwenye ramani ningeumia. Ila kanuni haiwi nzuri kwa sababu inanifaa. Na wewe mbona ulisema una shida na wafungwa? Si wanaishi pale? Wote maana yake wote.

Mleta mada (Houston)
Haya. Texas ina wafungwa zaidi ya 100,000, hapigi kura hata mmoja aliyehukumiwa kwa kosa kubwa mpaka amalize adhabu. Kijana wa Houston akifungwa Huntsville anahesabiwa Huntsville. Hatembei barabara za Huntsville, mtoto wake hasomi Huntsville, yuko Houston na mama yake, akitoka anapanda basi anarudi Houston. Mama wa Abilene anaonekana dukani, kanisani, shuleni, huyu haonekani popote. Iowa kuna mji unaitwa Anamosa, kata moja ya halmashauri ilikuwa karibu yote ni gereza, wafungwa kama 1,300, na 2005 diwani akapita kwa kura 2, ya mkewe na ya jirani! Maryland na New York walibadilisha sheria 2010, mfungwa anahesabiwa alikotoka. Ndicho ninachotaka Texas.

Mama wa Abilene
Na jela ikiwa ndiyo nyumba yake miaka thelathini? Mama yake keshafariki, nyumba imeuzwa, Houston hana mtu. Huyo mnampeleka wapi mwanangu?

Mleta mada (Houston)
Mama hilo umenibana. New York wanatumia anwani ya mwisho kabla ya kufungwa, hata kama nyumba imeuzwa. Mimi nitakubali hiyo kuliko kumwachia mbunge ambaye simu ya huyo mfungwa hajawahi kupokea. Wengine semeni, hasa mlioko Abilene na Huntsville.