Mota ya projekta ya filamu milimita 35 inavuma, inapata moto, na sauti imekuwa nzito: kuna ulazima wa kuisuka upya (kuizungushia waya mpya)?

ChumbaChaMashine

Wakuu, habari zenu. Nina projekta ya filamu ya milimita 35 ambayo mota yake imechoka. Ni ya fezi moja, voliti 230, hezi 50, poli 4 (ncha nne za sumaku). Kibao kinasema mizunguko 1,425 kwa dakika, ampea 1.6, na kapasita ya mikrofaradi 10 isiyokatika kwenye saketi mota ikizunguka. Inaendesha mashine kwa mkanda wa meno.

Ikiwashwa inavuma kama sekunde mbili ndipo izunguke. Filamu ikifika mwisho, bodi ya mota haishikiki kwa joto. Muziki unatoka mzito, kama umeshushwa. Ukiizima, inapopunguza mwendo unasikia mkwaruzo upande wa puli. Nikipima mkondo napata ampea 2.1. Fundi wa umeme ameshauri isukwe upya moja kwa moja. Je, ndivyo? Halafu kuna mota nyingine ya nguvu hiyohiyo ila ya mizunguko 2,800, inaweza kufungwa badala yake?

FundiKoili

Usisuke bado, mkuu. Mota iliyoungua koili hunuka vanishi, hukata fyuzi, au huonyesha ukinzani usioeleweka. Dalili zako zinaelekea kwenye kapasita na beringi, vitu viwili vya bei ndogo kuliko kusuka.

Kwanza tenganisha lawama za mota na za mashine. Chomoa plagi, toa mkanda, kisha zungusha mashine kwa nobu ya mkono. Inatakiwa iende kwa uzito uleule mzunguko mzima, ukisikia tu msalaba wa Malta, gia inayosogeza filamu kwa hatua, ukisukuma fremu baada ya fremu. Ikikaza mahali pamoja, au ikiwa nzito kote, oili imeganda kwenye gia au shafti imekauka, na hata mota mpya itaumia hapo. Kisha zungusha shafti ya mota kwa vidole: iendelee yenyewe kidogo, isisimame ghafla, isiwe na punje punje. Ishike ncha uisukume juu na chini. Ukihisi mchezo wowote kwenye mota ya beringi, beringi imekwisha.

Ya pili ni kapasita. Itoe chaji kwa rezista ya kiloomu 10, usiipige shoti kwa bisibisi, ndipo uipime. Za aina hii hutengenezwa kwa tofauti ya asilimia 5 au 10, kwa hiyo chini ya mikrofaradi 9 tupa. Ikipungua, koili ya kuanzia haipati mkondo wa kutosha. Mota inachelewa kuanza, nguvu inashuka, rota (sehemu inayozunguka) inabaki nyuma zaidi ya sumaku inayozunguka ya stata (sehemu isiyozunguka, yenye koili), na koili kuu inabeba mkondo wa ziada. Hiyo peke yake yaweza kueleza ampea 2.1, joto, na sauti kushuka.

Weka ya filamu ya plastiki, mikrofaradi 10, voliti 450 AC. Usiweke ile ya kuwashia tu, ya elektroliti: imetengenezwa kukaa kwenye umeme kwa sekunde chache, ukiiacha humo inapasuka. Wala usiongeze hadi 16 ukidhani utapata nguvu. Utaichoma koili ya kuanzia.

Ya tatu, pima ukinzani wa koili zote mbili, kisha pima kwa megga (kipimo cha insulesheni) ya voliti 500 kati ya koili na bodi. Chini ya megaomu 1 usiiwashe. Ikaushe kwa joto la nyuzi 80 hadi 90 kwa saa kadhaa na upime tena; kama namba haipandi, hapo ndipo kusuka kunapoingia. Na ikifika huko, mwambie fundi asichome stata kwa moto wa wazi ili kutoa waya za zamani. Bati za kiini zikipita nyuzi 350 hivi, insulesheni kati yake inaharibika, na mota itapata moto maisha yake yote hata ikisukwa vizuri namna gani.

Sproketi16

Naongezea kuhusu sauti, kwa sababu watu wengi huilaumu mota kwa kosa lisilo lake. Sauti nzito muda wote, isiyoyumba, ni kasi ndogo: tazama mota, mkanda au umeme. Sauti inayopanda na kushuka polepole, hasa kwenye piano, kwa kawaida haitoki kwenye mota. Filamu ndiyo inayozungusha ngoma ya sauti na gurudumu lake zito, kwa hiyo angalia beringi za ngoma hiyo na rola inayobana filamu juu yake. Mota nzima haitatibu ngoma iliyokauka.

Kasi pima kwa filamu yenyewe. Fremu 24 kwa sekunde ni fremu 1,440 kwa dakika, na kila fremu ni milimita 19, basi dakika moja inapitisha mita 27.36. Chukua kipande cha filamu isiyo na thamani, weka alama mbili zenye umbali huo, ukiacha mita chache mbele ili mashine ishike kasi kabla ya alama ya kwanza, kisha tumia saa ya kuhesabu sekunde. Ukipata sekunde 62.6 unaendesha fremu 23. Ni upungufu wa asilimia 4, karibu robo tatu ya nusu toni, na sikio la mwanamuziki linaukamata mara moja.

Mota ya 2,800 achana nayo. Ni ya poli 2. Itabidi ukate puli ya mota iwe nusu: kama ina meno 24, utaweka 12, na bado utapata fremu 23.6 tu kwa sababu hesabu haigawanyiki sawasawa. Puli ndogo hivyo inakunja mkanda kupita kiasi na meno machache ndiyo yanayobeba mzigo. Tafuta ya poli 4. Ukiletewa ya hezi 60 iliyoandikwa 1,725, soma voliti yake kabla ya kitu kingine. Na kama mashine nayo ilitengenezwa kwa hezi 60, puli zake kwenye hezi 50 zitakupa fremu 20.

ChumbaChaMashine

Shukrani wakuu. Mashine kwa mkono ni nyepesi kote. Kapasita inasoma 6.8. Koili kuu omu 14, ya kuanzia omu 22, megga megaomu 40. Nimefungua: beringi ya upande wa puli ni 6203 na inacheza, ya nyuma nzima. Rota ina mng'ao wa kukwaruzwa upande mmoja. Shafti mahali inapokaa beringi inasoma milimita 16.97. Kuna anayeshauri nipige senta panchi kuzunguka shafti ili beringi ishike. Niendelee?

FundiKoili

Hapana, usipige panchi. Vile vivimbe vinashika beringi kwa nukta chache tu, na baada ya muda vinalainika. Kibaya zaidi, beringi inakaa nje ya senta, na rota yako tayari imeshagusa stata. Kulehemu nako kunapinda shafti nyembamba kama hiyo.

Shafti ya 6203 inatakiwa iwe 17.00 au zaidi kidogo, kama sehemu chache za elfu za milimita. Pengo lako la 0.03 linazibika kwa gundi ya kushikiza beringi. Safisha shafti na tundu la ndani la beringi kwa asetoni, paka tabaka jembamba kwenye shafti tu, isifike kwenye gololi, ingiza, uache saa 24. Pengo likipita 0.1, mpelekee fundi wa lethi aweke bushi ya chuma au apulizie metali na kusaga upya kwa senta za shafti zilezile.

Badilisha beringi zote mbili. Chukua yenye vifuniko vya chuma pande zote. Yenye vifuniko vya mpira vinavyogusa ringi huongeza mkwamo kwenye mota ndogo. Herufi za uwazi wa ndani, kama C3, fuata ya zamani. Ile ya nyuma isiyohitaji gundi waweza kuipasha hadi nyuzi 80 au 100 iteleze yenyewe. Ukitumia presi, sukuma ringi ya ndani. Anayegonga ringi ya nje anatoboa vishimo kwenye njia ya gololi, na mota inavuma siku ileile.

Kama hukuweka alama kwenye vifuniko kabla ya kufungua, vioanishe kwa kivuli cha vumbi na rangi, kwa sababu kila kifuniko kimechongwa kikae upande wake. Usisahau wosha ya springi yenye mawimbi nyuma ya beringi. Bila hiyo shafti inatembea mbele na nyuma. Mng'ao wa rota usiupige tupa. Utaunganisha bati na kuzidisha joto. Futa vumbi la chuma tu, na ukishafunga zungusha kwa mkono, usisikie mguso popote.

BeltiNaPuli

Beringi ya upande wa puli kufa peke yake ina sababu: mkanda umekazwa mno. Mkanda wa meno hauhitaji kukazwa kama wa V. Kati ya puli zilizoachana milimita 200, kidole kikisukuma kidogo uzame kama milimita 3. Weka pia rula ya chuma kwenye nyuso za puli zote mbili uone ziko kwenye mstari mmoja, maana beringi ya aina hii haipendi kuvutwa pembeni.

Sproketi16

Kabla ya kurudisha filamu, iendeshe mota bila mkanda dakika 30, kisha na mashine tupu, halafu pima ampea. Usishangae mkondo bila mzigo ukiwa karibu sana na ule wa kazi. Mota za fezi moja zenye kapasita ndivyo zilivyo. Unachotazama ni kwamba na filamu hauvuki 1.6.

Na ufunge swichi ya kinga ya joto iliyowekwa kwenye ampea 1.6. Filamu za zamani za asetati zikikwama hukatika na mota inabaki salama. Za poliesta hazikatiki. Zinasimamisha sproketi (magurudumu ya meno yanayovuta filamu), mota inakwama imejaa umeme, na koili zinaungua ndani ya dakika chache mtu akiwa bado anatafuta swichi gizani.