KANINYANG'ANYA KALAMU MKONONI! Mzigo wamevunja wao, halafu naambiwa "hapa ni pa sahihi, si pa insha"

Binti Keekee

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Lori limeondoka sasa hivi, hata vumbi halijatua.

Ni wale jamaa wa kusafirisha mizigo. Mnawajua. Siwataji, sina haja ya kuwataja, kila mtu humu ameshawahi kukaa kutwa akingoja simu yao mpaka akaota mvi. Wale wanaokwambia "tutafika kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni" kana kwamba wewe ni mlingoti, kazi yako kusimama nje.

Nimeagiza mashine ya kukereza mbao. Kilo 280, chuma cha kusubu, nimeidunduliza miaka mitatu. Imekuja ndani ya kasha la mbao lililofungwa kwa mikanda juu ya paleti. Ubavuni lina mishale miwili ya kuonyesha upande wa juu, na kile kibandiko cha mshtuko chenye kijidirisha katikati: mzigo ukiwa salama kinabaki cheupe, ukipigwa kinageuka chekundu.

Dereva anafungua mlango wa nyuma. Mishale inatazama UKUTANI. Narudia, mishale ya JUU inatazama UKUTANI. Kasha limelala ubavu kama ng'ombe anacheua. Kibandiko chekundu kama jicho la mlevi. Kona ya chini ubao umebomoka, pengo la kupitisha ngumi. Nachungulia ndani, naona kitu kinaning'inia ambacho kwenye mashine ile hakitakiwi kuning'inia kabisa.

Nikameza hasira. Nikasema taratibu zipo, tuzifuate. Nikachukua karatasi ya kupokelea mzigo, nikaanza kuandika pale chini: "Kasha limefika limelala, kona ya kush..."

Hapo sasa. HAPO. Neno "kushoto" sijalimaliza, mkono wa dereva ukaja, kalamu ikachomoka vidoleni mwangu. Kalamu YANGU, nimetoka nayo ndani mwenyewe! Akaniangalia usoni: "Dada, hapa ni pa sahihi, si pa insha."

Insha! Mstari mmoja haujaisha ameshauita insha!

Nikamwambia basi tulifungue kasha nione ndani. Akasema ukaguzi ni baada ya sahihi, ana mizigo 11 inamsubiri. Utingo wake, ambaye sina ugomvi naye maana alikuwa ameinamia viatu vyake kwa aibu, akanong'ona, "Bosi, mwache aandike." Naye akakaripiwa.

Na walivyoshusha! Lori lina jukwaa la nyuma la kushushia mizigo, linashuka lenyewe taratibu. Troli ya paleti iko pale pale, imeegemea ukuta. Hawakuvigusa. Walilisukuma kasha mpaka ukingoni, moja, mbili, tatu, likaenda chini lenyewe. Mlio ule umewageuza waliolala makaburini. Paka wa jirani alikimbia na mpaka sasa hajaonekana.

Lakini hilo ningesamehe. Kulilaza kasha ningesamehe. Kalamu SIWEZI. Mwenye mali nimesimama mbele yako, naandika nilichokiona kwa macho yangu mawili, unaninyang'anya kalamu kama mtoto anayechora ukutani?

Mwisho nimesaini. Ndiyo, nimesaini, kwa sababu alisema nisiposaini anageuza nao. Na nimesaini kwa kalamu yake, maana yangu alishaitia mfukoni. AMEONDOKA NAYO!

Nimeshafungua. Mguu mmoja una ufa, ukucha unazama. Gurudumu la mkono limepinda, likizungushwa linayumba kama kichwa cha mtu anayesinzia. Hiyo ndiyo insha yangu aliyoikataa.

Nyundo Butu

Pole sana mkuu. Ni wale ambao mlango wa lori lao unafungwa kwa kamba?

Binti Keekee

Hao hao!!

Nyundo Butu

Basi umenikumbusha msiba. Mimi waliniletea sinki la kauri. Niliagiza moja, wakanipa vipande vitatu. Dereva akanihesabia kabisa, "viko vyote".

Mpita Njia

Picha?

Binti Keekee

Ninazo. Nimepiga baada ya kufungua, ufa unaonekana vizuri.

Mpita Njia

BAADA? Mkuu, picha unapiga mzigo ukiwa bado juu ya lori. Kibandiko, mishale, kona iliyobomoka, na namba ya gari iingie humo humo. Za kwako zinaonyesha mashine iko barazani kwako. Atakayekataa uliiangusha mwenyewe ni nani?

Binti Keekee

Ningepigaje wakati mtu ananinyang'anya kalamu?

Mpita Njia

Kwani simu yako unaibonyeza kwa kalamu?

Nyundo Butu

😂😂😂 Uzi ufungwe.

Sheria Mkononi

Tuache masihara, dada asikilize. Sahihi safi haijaua dai lako, imelifanya gumu. Ukisaini bila kuandika kasoro inayoonekana, inachukuliwa kwamba umepokea mzigo mzima, na sasa kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni yako. Ndiyo maana hawataki uandike.

Kasoro iliyojificha ndani ina muda wake, na muda ni mfupi. Kwa mizigo ya barabarani inayovuka mpaka chini ya mkataba wa CMR wa 1956, una siku 7 za kutoa taarifa kwa maandishi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Kwa meli, kanuni za Hague za 1924 zinakupa siku 3 tu. Kwa ndege, mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 14. Kama mzigo haukuvuka mpaka, soma masharti ya nyuma ya karatasi uliyosaini, yale ya herufi za ukubwa wa sisimizi. Usingoje kesho. Andika leo, mpelekee msafirishaji na aliyekuuzia, wote wawili. Na usitupe kasha, mikanda wala kile kibandiko.

Kitu kingine, watu wanapenda kuandika "nimepokea bila kukagua" wakidhani wamejikinga. Hayo hayasaidii. Taja kitu: kona ya kushoto imebomoka, kibandiko chekundu, kasha limelala. Hivyo hivyo ulivyokuwa umeanza.

Binti Keekee

UMEONA! Hivyo hivyo nilivyokuwa NIMEANZA! Nilifika "kush". Herufi nne! Angeniachia nusu dakika ningekuwa nimemaliza. Mpaka sasa nikifumba macho namwona anavyokunja mkono na ile kalamu, anaitia mfuko wa shati.

Utingo Mstaafu

Nimekaa nyuma ya malori miaka mingi, naomba nisemee upande wa pili. Kwanza, kibandiko kuwa chekundu hakimaanishi kitu kimevunjika. Kinamaanisha mzigo umepata mshtuko, ukague. Na huenda kiligeuka ghalani kabla dereva hajakuona wala kukusikia. Pili, jukwaa la kushushia halitoki bure, linaagizwa mapema. Uliagiza? Au uliagiza mzigo uishie kando ya barabara, halafu ukataka uingizwe mpaka chumbani?

Binti Keekee

NIMELILIPIA! Limeandikwa kwenye karatasi ile ile aliyoninyang'anyia kalamu!

Utingo Mstaafu

Basi hapo nanyamaza. Kama limeandikwa walitakiwa kulitumia. Ila na nyie wapokeaji mna yenu. Dereva anafika, mtu yuko kuoga. Geti halipiti hata mkokoteni na hukusema. Mzigo wa kilo 300, anayekuja kuupokea ni bibi na mjukuu. Tunapiga honi nusu saa, halafu usiku tunasomwa humu kama majambazi.

Bi Subira

Nusu saa mnaiona nyingi? Mimi nilisubiri siku nne. Siku ya tano nakuta kikaratasi mlangoni: "Tulikuja hukuwepo." Nilikuwepo! Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango huo huo! Hicho kikaratasi kilibandikwa na jini?

Nyundo Butu

Na sinki langu nalo walisema "tulikuja hukuwepo" mara mbili, kabla ya kuja kunihesabia vipande.

Bi Subira

Sinki umeliongea mara ya pili sasa. Mimi ni friji. Friji la milango miwili, limeletwa limelazwa chali, na aliyelileta ananiambia "chomeka umeme, mama, litapoa lenyewe".

Mpita Njia

Ulichomeka?

Bi Subira

Nilichomeka. Lilikoroma kama mzee mwenye kikohozi, likakata.

Utingo Mstaafu

Hapo kosa ni lako. Friji likisafiri limelala, mafuta ya kompresa yanatambaa kwenye mabomba ya gesi. Unalisimamisha, unaliacha masaa kadhaa mafuta yarudi mahali pake, ndipo unachomeka. Kitabu chake kinaeleza.

Bi Subira

Kitabu kilikuwa ndani ya friji na milango ilikuwa imefungwa kwa gundi ya boksi! Na kwa nini walilaze? Mishale ipo! Hamjui mishale nyie?

Sheria Mkononi

Mishale, glasi na mwavuli ni alama za kimataifa, kiwango cha ISO 780. Hazihitaji lugha yoyote. Mishale ni upande wa juu, glasi ni kitu cha kuvunjika, mwavuli ni kisinyeshewe.

Nyundo Butu

Sinki langu lilikuwa na glasi. Nadhani walidhani ni kinywaji.

Binti Keekee

Wakuu, turudi kwenye mada. Nimewapigia ofisini. Dada aliyepokea ananiuliza, "Uliandika kasoro kwenye karatasi?" Nikamwambia nilinyang'anywa kalamu. Akanyamaza, akauliza tena, "Lakini uliandika?" Nikamwambia NILINYANG'ANYWA KALAMU. Akasema ngoja nikuunganishe. Nimewekewa muziki dakika 40, simu ikakata. Barua pepe nimeshatuma, kwao na kwa muuzaji, na picha zote.

Sheria Mkononi

Vizuri. Weka nakala, na andika saa uliyopiga.

Kobe Mzee

Samahani, nimechelewa kuingia, sijasoma yote. Hilo kasha la mbao utalifanyia nini?

Binti Keekee

Nimeambiwa nisilitupe, ni ushahidi.

Kobe Mzee

Ukimaliza ushahidi je? Nahitaji mbao za banda la kuku. Paleti nayo naichukua.

Utingo Mstaafu

Angalia muhuri kwanza. Mbao za mizigo ya kimataifa zina muhuri wa kuchomwa wenye alama ya suke la ngano. Ukiona HT, zimetibiwa kwa joto, nyuzi 56 mpaka kwenye kiini cha ubao kwa dakika 30. Ukiona MB, zilifukizwa kwa dawa, methili bromidi. Za MB usizipeleke kwa kuku.

Kobe Mzee

Ninazo sita nilizookota, zote MB. Kuku wameshalala humo mwezi mzima!!

Bi Subira

Wanataga?

Kobe Mzee

Wanataga vizuri tu.

Mpita Njia

Hayo mayai usile mpaka wataalamu waseme. Dada, kwani la kwako lina muhuri gani?

Binti Keekee

HT. Lakini wakuu, na kalamu yangu?

Nyundo Butu

Kama ni HT nami naomba upande mmoja, sinki halina pa kukaa.

Kobe Mzee

Mimi ndiye wa kwanza kuomba. Panga foleni.

Nyundo Butu

Wewe una sita tayari!

Kobe Mzee

Hizo sita ni MB, hujasoma? Dada, mchana wa kesho upo nyumbani? Nina mkokoteni, nakuja na kijana wa kunisaidia kubeba.

Utingo Mstaafu

Mwambie kabisa geti lina upana gani.