Mteja aliyenunua gemu ile ile miaka kumi na moja mfululizo ndiye analipishwa bei kubwa kuliko wote. Hii ni haki gani?

Jamani, naandika hapa nikiwa na hasira na naomba nisiambiwe nipoe kwanza. Nimejaribu kupoa siku tatu, haijasaidia.

Nina kibanda cha gemu hapa Malindi, upande wa Maweni. Mashine tatu, televisheni tatu, viti vya plastiki na feni moja. Mchezo mmoja shilingi 30, anayefungwa anapisha mwenzake. Nilianza 2014 na mashine moja ya mkono wa pili, na tangu mwaka huo kila mwaka, mara nyingi Septemba, ninatoa pesa kununua toleo jipya la gemu ile ile ya kandanda, ya kampuni ile ile. Sijaruka hata mwaka mmoja. Hata mwaka wa korona, kibanda kimefungwa miezi na miezi na sina pa kutoa kodi, toleo jipya lilipotoka nilinunua, kwa sababu vijana wanataka kuona mchezaji aliyehama yuko kwenye timu yake mpya. Usipokuwa na toleo jipya wanakuhama wewe.

Mara ya mwisho nilinunua siku ya kwanza ilipotoka. Dola 70, kwa shilingi yetu ni elfu tisa na kidogo. Mwisho wa Novemba nikaingia duka la mtandaoni kutafuta kitu kingine, nikaikuta gemu ile ile imewekwa nusu bei. Nikasema sawa, ni msimu wa punguzo. Kufika Machi ikashuka tena, na jirani yangu wa kule Barani, ambaye amefungua kibanda juzi na hata majina ya vilabu bado anauliza, akaipata chini ya elfu tatu. Tukakaa tukalinganisha. Gemu moja, wachezaji wale wale, na yake ilikuja na marekebisho yote ambayo mimi niliyangojea miezi mitano huku vijana wananilaumu kwamba kipa anapitwa na mpira akiwa amesimama.

Yaani niliyewaamini hawa wa kampuni nikalipa kabla ya kuonja ndiye niliyelipa mara tatu. Na kitu nilichopewa kilikuwa kibovu kuliko alichopata aliyekuja nyuma. Niliwaandikia kwenye sehemu ya msaada, nikaeleza mwaka kwa mwaka nimenunua nini. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, la mashine, linanishukuru kwa kuwa mmoja wa familia yao na kuniuliza kama tatizo langu limetatuliwa, ndiyo au hapana. Nikabonyeza hapana. Mpaka leo kimya.

Hapa kwetu mteja wa siku zote ana haki yake, na hakuna aliyeiandika popote. Kuna mama ananiuzia mbaazi na mahamri tangu sijaoa. Akishanipimia, anachota tena upawa nusu anaongeza juu ya bakuli, wala hasemi kitu, mkono unakwenda wenyewe. Unga ulipopanda aliniambia siku moja kabla: "Mwanangu, kesho hamri lapanda, usije ukashtuka." Yule mama hana wakili, hana idara ya masoko, lakini anajua kwamba mtu akija kwako miaka mingi kuna kitu unamdai na kuna kitu anakudai.

Najua atatokea mtu hapa aseme gharama zimepanda, gemu zinatengenezwa na watu mia tano, bei lazima ipande. Nakubali, ipande. Zilikuwa dola 60 miaka mingi, 2020 zikaanza kufika 70, na 2025 kampuni ya Nintendo wakaweka gemu yao ya Mario Kart World dola 80. Lakini tutazame mashine zenyewe. PlayStation 2, ambayo nusu ya watu wa Malindi walijifunzia kushika pedi, ilitoka Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, miaka miwili baadaye ikawa 199, na 2009 ikafika 99. Mashine ilizeeka ikashuka, na ndiyo maana ikafika mpaka vibanda vya huku. PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025, ina umri wa karibu miaka mitano, kule Marekani ikapandishwa ikawa 549. Na ile PlayStation 5 Pro ilitoka 2024 kwa dola 699 bila hata sehemu ya kuweka diski.

Kwetu sisi hilo la diski ni kubwa kuliko linavyoonekana. Diski nilikuwa nanunua Mombasa, inakuja na basi imefungwa gazeti. Msimu ukiisha namuuzia mwenzangu wa Watamu au Mambrui, nusu ya pesa inarudi. Nilivyohamia kununua mtandaoni kitu kimekwama kwangu. Siwezi kukiuza, siwezi kumwazima ndugu yangu. Bei haikushuka hata senti kwa sababu hakuna boksi wala plastiki wala basi.

Lakini kinachonichoma zaidi ni pakiti, zile za kununua wachezaji kwa kubahatisha ndani ya gemu.

Nina kijana mmoja wa bodaboda, anakuja kila Ijumaa jioni. Ananitumia 500 kwa M-Pesa, mimi nalipa kwa kadi yangu, anapata pointi za kufungulia pakiti za wachezaji. Mnaijua hali yenyewe. Skrini inaingia giza, taa zinawaka, inatokea bendera ya nchi kwanza, halafu nafasi anayocheza, halafu nembo ya klabu. Kibanda kizima kinanyamaza, hata walio katikati ya mchezo wanasimamisha. Akatokea beki wa daraja la pili ambaye tayari alikuwa naye wawili. Vijana wakacheka, yeye akasema "Ami, ongeza mia tano." Nikaongeza. Nayajutia mpaka leo, na ndiyo sababu moja ya kuandika hapa.

Aliijenga timu ile kuanzia Oktoba mpaka Agosti. Septemba nikaweka toleo jipya, akaja Ijumaa yake, akafungua akaunti akakuta kumi na moja wasio na jina. Timu yake yote imebaki kwenye toleo la zamani. Akaniuliza, "Ami, wangu wako wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Huyu amepanda na watu kwa shilingi 50 na mvua na jua.

Ubelgiji, mwaka 2018, tume yao ya kamari ilisema wazi kwamba pakiti za aina hii zikiuzwa kwa pesa ni kamari, na kampuni zikalazimika kuziondoa huko. Kwetu sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mtoto wa darasa la sita hawezi kuweka dau la mechi ya kweli, lakini mechi ya kwenye skrini anamwaga pesa ya daftari na hakuna anayemuuliza umri. Mimi nimeshakataza kwangu, aliye na sare ya shule hafungui pakiti. Nimepoteza wateja.

Na hata hicho ulichonunua si chako. Kampuni ya Ubisoft walikuwa na gemu ya magari, The Crew, iliyotoka Desemba 2014. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva, zile kompyuta za kampuni zinazoiendesha, na kwa kuwa haikufunguka bila seva hata ukicheza peke yako, kila aliyeinunua akabaki na kipande cha plastiki. Kwa hasira hiyo hiyo Mmarekani mmoja, Ross Scott, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani acheni kuua gemu, na kufika Julai 2025 ombi lao kule Umoja wa Ulaya likavuka saini milioni moja. Kumbe watu wakishikana wanasikika. Mei 2024 Sony, wenye PlayStation, walitaka kila anayecheza gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation, gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako akaunti hizo hazitolewi. Wachezaji wakapiga kelele, siku chache tu Sony wakaliacha sharti. Kenya imo kwenye hizo nchi. Sisi tuko hapa Malindi tunaandika kwenye akaunti kwamba tunaishi Johannesburg ili tukubaliwe kutoa pesa zetu.

Sasa nawaambia nilivyoamua, na mwenye kibanda Lamu, Kilifi, popote, aseme naye. Septemba hii sinunui. Ikifika Machi nitaangalia bei, na nitalipa ile aliyolipa jirani yangu wa Barani. Pakiti nimezifunga kwenye mashine zote tatu, kwa wakubwa na wadogo.

Nimewaambia vijana juzi baada ya isha. Walikasirika. Mmoja akauliza, "Ami, na waliohama timu je?" Ile gemu ya zamani inakuruhusu kumtoa mchezaji klabu hii ukamweka ile, mmoja mmoja, kwa mkono. Nikachukua daftari nikalipitisha, kila mmoja akaandika usajili anaoujua. Tumefika majina arobaini na mawili, na kijana wa bodaboda ndiye anayeshika pedi kuyaingiza.