Ushauri: kanuni za kulinda watoto klabuni, tuanzie wapi?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Klabu ya riadha na mazoezi ya viungo, watoto wa miaka 8 hadi 16. Wazazi wanadai kanuni za maandishi kabla ya msimu. Tumekwama kwenye simu za makocha, safari za kulala na masaji. Wenye uzoefu tusaidieni.

Kipenga: Mkuu, msingi ni kwamba mtu mzima asibaki na mtoto mahali ambapo mwingine hawaoni wala hawezi kuingia. Simu nazo ni vivyo hivyo. Kocha asimwandikie mtoto peke yake. Ujumbe upite kwenye kundi lenye wazazi, na zile meseji zinazojifuta zizimwe. Mtoto akimtumia kocha ujumbe binafsi, ajibiwe kundini. Msikipuuze kipengele hiki, maana anayewinda mtoto haanzi kwa kumgusa. Anaanza na sifa, zawadi, "mazoezi ya ziada" ya wawili, halafu kasiri kadogo kasiko na madhara, aone kama katatunzwa.

Safarini, kocha halali chumba kimoja na mchezaji. Watoto wapangwe kwa jinsia na kwa umri unaokaribiana. Wa miaka 15 asiwekwe na wa 9. Ukaguzi wa usiku ufanywe na watu wazima wawili, wabishe hodi kwanza.

Mama Kijiti: Kwenye masaji nakazia. Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya mazoezi ya viungo ya Marekani, alidhalilisha wasichana kwa kisingizio cha tiba, mara nyingine mzazi akiwa humo humo chumbani, ila daktari amesimama pale pa kumziba asione. Kwa hiyo kuandika "mzazi awepo" hakutoshi. Akae upande anaoona mikono. Mtabibu aseme kabla anagusa wapi na kwa nini, mtoto akikataa anaacha. Na tiba isifanyike chumba cha kulala.

Mleta mada: Shukrani. Wa kupokea malalamiko tulifikiria katibu, ambaye ni mke wa kocha mkuu.

Kipenga: Hapana aisee. Nani atamshtaki mume kwa mkewe? Wekeni wawili wasiohusika na kupanga timu, na namba ya mtu wa nje ya klabu.

Mtoto akisema, asikilizwe bila kukatizwa. Asiahidiwe siri. Swali kama "alikugusa kifuani?" linamtia maneno mdomoni, na baadaye ushahidi unapingwa, "ikawaje?" inatosha. Andikeni maneno yake kama alivyoyatamka, tarehe, saa, sahihi, kisha yaende polisi au kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto siku hiyohiyo. Klabu isijifanye mahakama. Kinachoharibu kesi nyingi ni kumwita mtuhumiwa "tuyamalize": anatoka pale akiwa ameshafuta meseji na kumtisha mtoto. Asimamishwe kazi za watoto uchunguzi ukiendelea.

Mama Kijiti: Nyongeza: kama ni ubakaji wa karibuni, hospitali kwanza. Asioge, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu plastiki inatunza unyevu na kuozesha ushahidi. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.